Je, Wajua? Meli Haizamishwi na Umri

Je, wajua kwamba meli iliyoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia iliendelea kubeba abiria katika Ziwa Tanganyika hadi ndani ya karne hii? Ni MV Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikapelekwa bara kwa reli hadi ikaunganishwa upya Kigoma. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Ilishushwa ziwani mwaka 1915, na mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mei 2015, ikiwa imepita umri wa miaka 100, ndiyo iliyowatoa maelfu ya wakimbizi wa Burundi katika kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Naanza na Liemba makusudi. Hapa mtaani Kware, Nairobi, Desemba inapokaribia na watu wakianza kupanga safari za Mombasa, Mbita, Mfangano au hata Unguja, swali moja husikika stejini na kwenye ploti: "Hiyo meli si ni ya zamani? Itatufikisha?" Kuuliza si kosa. Lakini ukisoma habari za ajali za maji katika nchi zetu, utaona kwamba mwaka wa kuundwa kwa chombo mara nyingi si jambo la kwanza la kuogopa. La kwanza ni idadi ya watu waliomo. La pili ni kama abiria anajua njia ya kutokea.

Je, wajua kwamba Titanic ilizama katika safari yake ya kwanza, Aprili 1912? Na Costa Concordia, meli ya kitalii iliyogonga mwamba nchini Italia Januari 13, 2012 na kuua watu 32, ilikuwa haijatimiza hata miaka 6 kazini. MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria Septemba 20, 2018, kilikuwa na miaka 14. Linganisha na Oceanos, meli ya kitalii ya mwaka 1952. Ilizama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991, na watu wote 571 waliokuwamo waliokolewa, ingawa baadhi ya maofisa wa meli walitangulia kuondoka na kazi ya kuwaongoza abiria ikawaangukia wanamuziki na watumbuizaji waliokuwamo.

Chuma hudumu zaidi katika maji baridi ya ziwa kuliko katika maji ya chumvi. Ndiyo maana meli za maziwa yetu huishi maisha marefu kuliko za baharini.

Je, wajua kwamba MV Victoria ilipita Nairobi kwa treni? Iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa Mombasa kwa vipande, ikapandishwa bara kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Ilipita kwenye reli ile ile ya zamani inayokatiza upande wetu karibu na Imara Daima. Umoja na Uhuru, zile meli za kubeba mabehewa ya treni ziwani, zilifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya 1960. Victoria ilikaa miaka kadhaa bila kazi, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi kubeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba. Meli ya zamani iliyokarabatiwa hivyo si ya kuogopwa kwa umri wake peke yake, mradi isijazwe kupita kiasi.

Kujazwa. Hapo ndipo penye msiba wetu.

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe kule Mombasa ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 300. Ilibeba karibu 400. Ilipinduka mita 40 hivi tu kutoka ufuoni, wakafa watu 272. Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza na kuua zaidi ya watu 800. Septemba 10, 2011, Spice Islander, meli ya mwaka 1967, ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba. Leseni yake ilikuwa ya abiria wapatao 600, na tume ya uchunguzi ikabaini kuwa ilibeba zaidi ya watu 2,400. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Soma tarakimu hizo tena, msomaji wangu. Feri ya Mtongwe ilikuwa imezidisha abiria 100 hivi tu, na hao walitosha kuipindua.

Je, wajua kwamba meli yenyewe huonyesha ikiwa imelemewa? Tazama ubavuni, karibu na maji, utaona duara lililokatwa katikati na mstari. Ni alama ya Plimsoll, iliyopewa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876 ya kuzuia wenye meli kuzijaza kupita kiasi. Kando ya duara kuna mistari midogo yenye herufi, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi na meli hutitia zaidi ikiwa ziwani au mtoni. Huhitaji kuzijua herufi zote. Ukiona duara zima limezama na shehena bado inapakiwa, usipande. Vyombo vidogo huenda visiwe na duara hilo, lakini aghalabu huwa na kibao cha idadi ya abiria kilichopigiliwa karibu na mlango au kwenye chumba cha nahodha. Kisome, kisha angalia watu waliokuzunguka. Huwezi kuwahesabu mmoja mmoja, lakini utajua kama una nafasi ya kunyoosha mkono.

Kuna jambo jingine linalohusu uzito, nalo liko mikononi mwa abiria wenyewe. Chombo kinapokaribia gati, watu husimama na kusongamana upande wa kushukia. Kila mmoja anataka kuwahi matatu. Feri iliyojaa, yenye mizigo juu ya sitaha, ina uthabiti mdogo, na mamia ya watu wakihamia upande mmoja kwa ghafla huiinamisha. MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakisha mita chache kufika. Kaa ulipo hadi kamba zifungwe. Ukiona wenzako wanakimbilia upande mmoja kutazama kitu, usiwafuate.

Je, wajua kwamba uzee wa meli si hatari kubwa kama kuipeleka katika maji ambayo haikuundiwa? MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 na kwa miaka mingi ilivusha abiria katika ghuba ya Puget Sound, karibu na Seattle, ambako maji yamekingwa na nchi kavu. Ikaletwa kufanya safari za Dar es Salaam na Unguja, katika mkondo wa bahari ulio wazi. Julai 18, 2012, katika msimu wa kusi, upepo mkali na mawimbi viliipindua karibu na Chumbe. Kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba, na bahari ya Zanzibar huchafuka zaidi Juni hadi Agosti. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, safiri wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na panda chombo cha asubuhi. Kwa Ziwa Victoria, ogopa zaidi usiku na alfajiri, ndipo dhoruba zake nyingi hutokea. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa na wa bahari. Utafute kabla ya kukata tiketi.

Sasa tuingie ndani ya meli.

Milango ya meli za zamani ina vizingiti vya chuma virefu vya kuzuia maji yasitoke chumba kimoja kwenda kingine. Wageni wengi huumia hapo, mguu ukigonga kizingiti na kichwa kikigonga fremu. Inua mguu, inamisha kichwa, na usishike fremu ya mlango mzito wa chuma, kwani wimbi likija mlango hujifunga na kukata vidole. Ngazi ni za wima kama za kupandia tangi la maji, basi shuka ukiwa umezielekea, mikono miwili ikiwa imeshika. Mkoba uwe wa mgongoni. Viatu viwe vya raba, si vya kisigino wala slipa, maana sitaha ya chuma iliyopakwa rangi mara nyingi huteleza ikilowa.

Chumba kizuri ni kipi? Cha katikati ya meli, upande wa chini. Hapo ndipo meli huyumba kidogo zaidi. Vyumba vya tezi viko juu ya injini na vitakunyima usingizi, na vya omo hupanda na kushuka na kila wimbi. Kwa meli za zamani kuna la kuongeza: vya chini kabisa huwa na joto, hewa nzito na harufu ya dizeli. Mtu mwenye pumu heri atoe pesa zaidi apate chumba cha juu chenye dirisha linalofunguka.

Soketi ni chache na mara nyingi si za kuaminika. Chaji simu yako nyumbani na ubebe pawabenki. Usiunganishe nyaya nyingi kwenye soketi moja, wala usiwashe jiko la aina yoyote, la makaa wala la gesi, hata kama ni kwa chai ya mtoto. Moto ni adui mkubwa wa meli za zamani. Achille Lauro, meli ya kitalii iliyoshushwa majini miaka ya 1940, iliwaka moto Novemba 30, 1994 ikiwa karibu na Somalia na watu karibu 1,000 ndani, ikazama siku mbili baadaye. Kuanzia Oktoba 2010 mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, ulikataza vifaa vingi vinavyoshika moto katika miundo ya meli za abiria za kimataifa, na meli nyingi za zamani zenye mbao zikalazimika kustaafu. Vyombo vyetu vya ndani ya nchi havikuguswa moja kwa moja na sheria hiyo. Kwa hiyo ukinusa moshi, mwambie baharia papo hapo, hata kama utaonekana mwoga. Ukiwa ndani na moshi umetanda, inama, hewa safi iko chini.

Hapa mtu wa Kware ana ujuzi ambao watalii wengi hawana. Anayeishi ghorofa ya 5 katika majengo yetu yaliyobanana, ambaye stima zikipotea hushuka ngazi gizani kwa kuhesabu mizunguko, tayari anajua namna ya kujiokoa melini. Fanya vivyo hivyo. Ukishaweka mizigo, tembea kutoka kitandani au kitini mwako hadi sitaha ya wazi, ukihesabu milango na ngazi. Rudi. Tembea tena ukipitia njia ya pili, kwa sababu ya kwanza huenda ikazibwa. Kisha fumba macho na uikumbuke. Dakika kumi zinatosha. Watoto wako wafanye nawe, wataona ni mchezo na hawatausahau.

Je, wajua ishara ya hatari? Honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu. Ni ile ile katika meli za dunia nzima. Ukiisikia, acha mizigo, chukua jaketi la kuokoa maisha, nenda mahali pa kukutania. Katika meli za safari ndefu za kimataifa, sheria sasa hudai abiria wafanyiwe zoezi la dharura kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya Costa Concordia, ambamo mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo na zoezi lao lilikuwa halijafanyika. Katika vivuko vyetu huenda usifanyiwe zoezi lolote. Basi muulize baharia: "Kaka, majaketi yako wapi, na ya watoto je?" Akikujibu kwamba yamefungiwa kabatini, omba lifunguliwe kabla ya safari. Ni haki yako.

Jaketi la mtu mzima humwacha mtoto achomoke na kuzama. Mtoto ana jaketi lake, na SOLAS hudai meli iwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria. Funga kamba zote, kaza. Na hili wengi hawalijui: ukivaa jaketi la sponji ndani ya chumba kilichokwisha kujaa maji, litakuinua hadi darini na kukubana huko. Toka kwanza hadi sitaha ya wazi, au livae mapema na utoke maji yakiwa bado chini. Ukilazimika kuruka, ruka miguu ikitangulia, mkono mmoja ukiziba pua na mwingine ukishikilia jaketi kifuani lisikugonge kidevu. Kisha jitenge na meli, na ushikamane na wenzako.

Kuhusu kichefuchefu sitakaa sana. Dawa ya famasia humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika, na muulize mfamasia ikiwa ni ya mtoto au mjamzito. Kula kidogo, kikavu: mkate, viazi vya kuchemsha. Tangawizi huwasaidia wengi. Kaa katikati, tazama upeo wa maji, usisome simu.

Kwa anayeshuka Syokimau kupanda treni ya SGR kwenda Mombasa, chombo cha majini atakachokipanda kwa uhakika zaidi ni feri ya Likoni. MV Nyayo, Harambee na Kilindini zilianza kazi mwaka 1990, na kivuko hicho husafirisha watu wapatao 300,000 kwa siku. Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma na kuteleza kutoka kwenye MV Harambee, likazama na mama na mtoto wake. Liliopolewa kutoka kina cha mita 58, karibu wiki mbili baadaye. Dereva, ukishapanda, vuta breki ya mkono, weka gia, fungua vioo, fungua mkanda. Bora zaidi, abiria wote washuke wasimame kando. Wewe wa miguu, usiikimbilie feri inapoanza kuinua ulimi wake. Nyingine inakuja.

Sasa turudi kwa MV Bukoba. Ilipopinduka asubuhi ile, haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na watu waliokwama ndani walisikika wakigonga chuma. Tundu lilikatwa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kupitia hapo, na meli ikaenda chini. Wengi wa waliokuwa ndani hawakupata nafasi. Ninaposoma kisa hicho, namfikiria abiria wa daraja la tatu, aliyelipa nauli ndogo kabisa, aliyekuwa ndani zaidi na mbali zaidi na sitaha. Ndiye sisi. Kama pesa zako ni za daraja la tatu, kata tiketi hiyo bila aibu, lakini uulize kama unaruhusiwa kukaa karibu na mlango au kwenye sitaha ya wazi. Katika safari fupi za ziwani, usikubali kufungiwa chini na mizigo.

Je, wajua kwamba orodha ya abiria ya MV Bukoba ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa? Hadi leo idadi kamili ya waliokufa hubishaniwa kwa sababu hiyo. Kuna familia ambazo hazikuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwa ndani ya meli hiyo.

Kwa hiyo, wewe wa Kware unayesafiri Desemba hii: hakikisha jina lako, la mkeo au mumeo, na la kila mtoto, hata yule wa mgongoni, limeandikwa kwenye orodha kabla ya chombo kuondoka. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Piga picha ya tiketi, umtumie mtu aliyebaki nyumbani pamoja na jina la chombo na saa ya kuondoka, maana katikati ya maji mtandao hupotea. Karani akikwambia kwamba mtoto haandikwi kwa kuwa halipiwi, kataa, na uliza ofisi ya bandari au ya mamlaka ya usafiri wa majini iko wapi. Nchini Kenya ni Kenya Maritime Authority, Tanzania bara ni TASAC. Usiondoke kwenye dirisha la tiketi hadi umeona jina la mwanao kwa wino.